Kurwa hakuwa anasumbua: uchambuzi wa kisa cha mapacha njiti

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki ni cha mapacha waliozaliwa kabla ya siku zao katika kijiji kimoja cha kusini mwa Tanzania. Majina ya watu, kijiji na vituo yameondolewa, na maelezo machache yamebadilishwa ili familia isitambulike. Watoto tunawaita Kurwa na Doto, kama mapacha wa nchi hii wanavyoitwa siku zote. Kurwa alizaliwa na uzito mkubwa kuliko mwenzake na akafariki siku ya nne. Doto, ambaye kila mtu alimhofia, yu hai.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha vifo 67 vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2022 ulionyesha 43. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kwa watoto wa mwezi wa kwanza wa maisha tulikuwa na vifo 25, tukafika 24. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria zimewafikia watoto wakubwa. Mtoto wa siku nne amebaki karibu pale pale alipokuwa. Lengo la dunia la 2030 ni vifo visivyozidi 12. Kisa cha Kurwa kinaonyesha kwa karibu sana ni wapi mtoto wa umri huo anaponyoka mikononi mwetu, hata pale ambapo mama alihudhuria kliniki, alijifungulia kituoni, na kijiji kina mhudumu wa afya aliyefunzwa.

Usuli

Mama alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na huu ulikuwa ujauzito wa pili. Mtoto wa kwanza alikuwa na miaka mitatu. Alihudhuria kliniki mara nne katika zahanati ya kijiji. Mwezi wa saba muuguzi aliona tumbo ni kubwa kuliko umri wa mimba, akasikia mapigo mawili ya moyo, akaandika kwenye kadi kwamba mama ana pacha na ajifungulie hospitali ya wilaya. Maelekezo yalikuwa sahihi, ila hayakugusa nauli, wala nani atabaki na mtoto wa nyumbani, wala mama afanye nini uchungu ukianza kabla ya siku.

Uchungu ulianza wiki ya 35, msimu wa mvua. Familia ilimpeleka kituo cha afya kilicho kilomita 19, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali zaidi na barabara ilikuwa imeharibika. Baba alikuwa kibaruani wilaya nyingine. Nyumbani alikuwepo bibi mzaa mama, na katika familia hii mwenye neno la mwisho katika mambo mazito ni mjomba wa mama.

Kijijini kulikuwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye kipimajoto cha dijitali, saa ya kuhesabia pumzi, daftari, na mizani ya kuning'iniza ya kliniki, ile ya kilo 25. Mama alikuwa ameandikishwa kwenye daftari lake tangu mwezi wa tano.

Mambo yalivyokwenda

*Siku ya kwanza.* Kurwa alizaliwa alfajiri akiwa na gramu 2,150. Doto alifuata baada ya dakika 25 akiwa na gramu 1,720. Wote walilia. Muuguzi mkunga alimvua Doto nguo akamwachia nepi, kofia na soksi, akamweka wima kati ya matiti ya mama, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na shingo imenyooka kidogo ili njia ya hewa isibane, kisha akamfunga kwa khanga hadi usawa wa sikio. Huo ndio mkao wa kangaruu, na ulifanywa vizuri. Kurwa alifungwa blanketi akalazwa kitandani pembeni. Neno lililosemwa juu yake lilikuwa moja: "Huyu mzima."

*Siku ya pili.* Kituo kilikuwa na vitanda viwili vya kangaruu na akina mama watatu. Doto alikuwa ananyonya kidogo na kuongezewa maziwa ya kukamuliwa kwa kikombe. Mama alikuwa anaulizia mtoto aliyemwacha nyumbani, na hapakuwa na ndugu wa kumletea chakula. Alasiri aliruhusiwa. Alielekezwa kwa mdomo jinsi ya kuendelea kumbeba Doto kifuani, na aliambiwa arudi baada ya wiki. Mhudumu wa kijiji hakupigiwa simu.

Walirudi kwa bodaboda mbili. Mvua iliwakuta njiani. Doto alikuwa kifuani kwa mama, chini ya nguo, akafika mkavu. Kurwa alikuwa mikononi mwa bibi kwenye pikipiki ya pili, ndani ya blanketi lililolowa kuanzia nusu ya safari.

*Siku ya tatu.* Hakuna aliyewatembelea. Mama alikuwa na Doto kifuani muda wote, hivyo bibi alilala na Kurwa. Mtoto alikuwa analala sana, hasumbui, na bibi alilichukulia hilo kuwa jambo jema kwa sababu lilimpa binti yake nafasi ya kupumzika. Alipelekwa kwa mama kunyonya mara chache na akasinzia titini. Katikati alipewa vijiko vya maji ya sukari, na jioni dawa ya mitishamba ya mchango, yaani ugonjwa wa tumbo la mtoto kama unavyojulikana kienyeji. Kitovu kilipakwa mafuta yaliyochanganywa na majivu. Jioni hiyo mhudumu alipata habari za mapacha kwa mwenyekiti wa kitongoji.

*Siku ya nne.* Mhudumu alifika saa mbili na nusu asubuhi. Alimpima Doto kwanza: joto 36.6, ananyonya, pumzi 48 kwa dakika. Kisha akaomba amwone Kurwa. Joto lilikuwa 34.9. Pumzi zilikuwa 66 kwa dakika nzima. Alihesabu tena akapata 64. Mtoto hakuwa amenyonya tangu usiku, na alipoguswa wayo alikunja mguu polepole tu. Ngozi kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu.

Mhudumu alimwambia mama mdogo afungue kifua, akamweka Kurwa ngozi kwa ngozi na kumfunika kwa kitenge kikavu. Alijaribu matone ya maziwa ya mama kwa kikombe. Yalitoka pembeni ya mdomo, akaacha. Hiyo ilikuwa saa tatu kasorobo. Alisema waondoke.

Bibi alikataa. "Mwanangu, huu ni mchango tu. Dawa amekunywa jana, leo jioni atanyonya." Baba alipigiwa simu, akakubali. Bibi akasema mjomba asubiriwe. Mjomba alikuwa shambani na alifika karibu saa tano. Alisikiliza dakika chache, akasema mtoto aende. Mhudumu alipiga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto, na gari la dereva wa jamii lilifika saa sita na nusu. Walipita zahanati, wakapewa dozi ya kwanza ya ampisilini na jentamisini, dawa za kuua bakteria, iliyopigiwa hesabu kwa uzito, wakafika hospitali saa tisa alasiri. Kurwa alifariki saa moja usiku.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Kituo kilimruhusu mtoto wa gramu 1,720 akiwa na umri wa siku moja na nusu. Kwa kanuni za kumtunza njiti, hilo ni mapema mno: mtoto wa uzito huo anapaswa kubaki hadi ananyonya au kulishwa kikombe bila shida, joto linakaa bila msaada zaidi ya kifua, na uzito umeanza kupanda. Kilichoamua ni kitanda na chakula. Wauguzi waliona Doto ana mama hodari na mkao umekaa sawa, na walikuwa sahihi kuhusu hilo. Ambacho hawakuamua kwa makusudi ni habari ya Kurwa. Yeye aliruhusiwa kama mzigo unaofuatana na mwenye mzigo.

Mhudumu aliacha kumlisha mtoto asiyemeza. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, kwa kuwa maziwa yangeingia kwenye mapafu ya mtoto ambaye tayari anahema kwa shida. Kuhesabu pumzi mara mbili kwa dakika nzima pia kulikuwa sahihi: mtoto mchanga hupumua kwa vipindi, na anayehesabu sekunde 30 na kuzidisha mara mbili hupotoka. Pumzi 60 au zaidi katika hesabu zote mbili ni dalili ya hatari.

Uamuzi mwingine mzuri ulikuwa kumpeleka Doto pia hospitali. Mjomba aliuliza kwa nini apelekwe asiyeumwa. Mhudumu alijibu kwamba maziwa ya Doto yamo kifuani mwa mama, na mama anakwenda. Jibu hilo lilieleweka mara moja.

Matokeo

Hospitalini Kurwa alikuwa na gramu 1,890. Kupoteza hadi sehemu ya kumi ya uzito siku za mwanzo hutarajiwa kwa mtoto mdogo. Yeye alikuwa amepoteza gramu 260, zaidi ya asilimia 12. Sukari ya damu ilikuwa chini, na tabibu aliandika maambukizi makali ya mtoto mchanga.

Doto alilazwa na mama. Uzito ulishuka hadi gramu 1,590 siku ya sita, ukasimama, siku ya 14 ukawa 1,750. Aliruhusiwa siku ya 18 akiwa na 1,860. Alibebwa kifuani nyumbani, mama na mama mdogo wakipokezana, hadi alipoanza kujinyonganyonga na kukataa kufungwa, dalili ya kawaida kwamba mtoto amepata nguvu ya kutunza joto lake. Wiki ya sita alikuwa amevuka gramu 2,500.

Uchambuzi

*"Hasumbui."* Tunaanza na neno hili kwa sababu ndilo lililoficha kila kitu. Mtoto njiti ana ngozi nyembamba, mafuta kidogo, na eneo kubwa la mwili likilinganishwa na uzito wake, kwa hiyo joto linamtoka haraka. Akipoa, anachoma akiba ndogo ya sukari aliyo nayo ili apate joto. Akiba ikiisha, anasinzia. Akisinzia, hanyonyi, asiponyonya, sukari inashuka zaidi na baridi inazidi. Kwa nje anaonekana mtulivu. Mtoto mkubwa akiwa na njaa hulia. Mtoto wa wiki 35 mwenye njaa hunyamaza. Bibi hakupuuza chochote. Alisoma utulivu kama alivyousoma kwa watoto aliowalea, waliozaliwa wakiwa wametimia, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa huyu maana yake imegeuka.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Njiti anaamshwa kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, na analishwa hata kama hajaomba. Kiasi kinajulikana: siku ya kwanza mililita 60 kwa kila kilo, kisha ongeza 20 kila siku hadi kufika 160. Kwa Kurwa, siku ya kwanza ilikuwa takriban mililita 16 kwa mlo, milo minane. Siku ya tatu 27, yaani vijiko vya chai vitano na kidogo. Yote haya ni maziwa ya mama, yakianza na yale ya mwanzo ya njano. Vijiko vya maji ya sukari vilijaza tumbo, vikapunguza hamu, na maziwa ya mama yasipotolewa hupungua kutengenezwa.

*Uzito wa mwenzake ulimfanya aonekane mkubwa.* Gramu 2,150 ni chini ya 2,500, mpaka wa uzito pungufu, na wiki 35 ni njiti. Kama Kurwa angezaliwa peke yake, angewekwa kifuani. Alizaliwa pamoja na mtoto wa 1,720 na ghafla akawa "mzima". Hili tunaliona mara kwa mara kwenye mapacha na kwenye wodi zilizojaa: macho yote kwa mdogo kabisa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kangaruu kwa kila njiti na kila mwenye uzito pungufu, kati ya saa 8 na 24 kwa siku, ianze mara tu baada ya kuzaliwa. Nyuma ya mapendekezo hayo upo utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya 1.8: walioanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0 ndani ya siku 28, na wale waliosubiri hadi hali itulie asilimia 15.7. Njia yenyewe ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokosa mashine za joto za kutosha, hali ambayo wauguzi wa kituo hiki wangeitambua.

Mapacha wanaweza kukaa wote kwenye kifua kimoja, kila mmoja upande wake, wamefungwa kwa kitambaa kipana kimoja. Mama akichoka, kifua kingine chochote chenye afya kinafaa: baba, mama mdogo, bibi mwenyewe. Bibi alilala na Kurwa usiku kucha, lakini kati yao kulikuwa na blanketi. Blanketi halina joto lake. Hutunza joto la aliyemo, na Kurwa hakuwa na la kutunza.

*Kilomita 19.* Safari ilifanya jaribio ambalo hakuna mtu angelipanga. Mvua moja, barabara moja, watoto wawili: aliyekuwa kifuani alifika na joto, aliyekuwa kwenye blanketi alifika amelowa. Anayemruhusu njiti aende nyumbani anapaswa kuuliza, kabla ya kusaini, mtoto atasafiri vipi na kifuani kwa nani. Swali hilo linachukua dakika mbili.

*Ziara zilihesabiwa vibaya.* Mhudumu alikuwa amefunzwa kutembelea ndani ya saa 24 za mwanzo mtoto akiwa nyumbani, kisha siku ya tatu, kisha ya saba. Daftari lake lilikuwa na safu ya "ziara ya kwanza", "ya pili", "ya tatu", bila safu ya umri wa mtoto. Mwisho wa mwezi ziara ya siku ya nne ingehesabiwa kama ziara ya kwanza iliyofanyika, na ripoti ingeonekana safi. Zaidi ya hapo, hesabu yake ilianza siku aliyosikia habari, wakati hatari ilianza siku ya kuzaliwa. Hatumlaumu, daftari ndilo lililomfundisha kuhesabu hivyo.

*Mizani.* Ile ya kilo 25 ina vijistari vya gramu 100. Asubuhi ile mshale ulisimama karibu na kilo mbili, na mhudumu aliandika "2.0". Kupungua kwa gramu 260 kunaonekana hapo kama mtetemo wa mkono. Kwa watoto wachanga inahitajika mizani yenye mgawanyo wa gramu 10 hadi 50. Kama haipo, afadhali kutegemea kunyonya, joto na pumzi kuliko kujituliza kwa namba isiyosema kitu.

*Kumsubiri mjomba.* Kuanzia saa tatu kasorobo hadi saa tano: zaidi ya saa mbili. Tukijumlisha, muda huo unazidi muda wa gari kufika. Wengi husimulia sehemu hii kama ujinga wa familia, na tunapinga usimulizi huo. Mjomba alipofika aliamua ndani ya dakika chache, na aliamua sawa. Tatizo ni kwamba ruhusa iliombwa wakati wa dharura, kwa mtu aliye shambani, ilhali mimba ya pacha ilijulikana tangu mwezi wa saba. Kulikuwa na wiki nyingi za kumfuata kwa heshima na kumwomba ruhusa mapema.

Kijiji kilibadilisha nini

Wiki tatu baada ya msiba, kamati ya afya, mtendaji, mhudumu, muuguzi wa zahanati na wanafamilia waliokubali walikaa. Kanuni ya kikao ilikuwa kufuata saa baada ya saa, bila kutafuta mkosaji. Bibi alihudhuria, na ndiye aliyetoa hoja iliyobadilisha mengi: kwamba mafunzo yote ya kangaruu yalitolewa kwa mama peke yake, na yeye aliyelala na mtoto hakuonyeshwa.

Sasa mhudumu anapomtembelea mjamzito wa miezi saba, anakaa na mwenye neno katika nyumba hiyo, awe baba, mjomba au bibi, na ruhusa ya safari inatolewa hapo, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Yanaandikwa majina ya watu wawili zaidi ya mama watakaombeba mtoto kifuani kama atazaliwa mdogo, nao wanafundishwa kwa mwanasesere wa kitambaa aliyejazwa mchanga wa kilo mbili. Namba ya simu ya mhudumu imebandikwa mbele ya kadi ya kliniki ili muuguzi ampigie kabla ya kuruhusu. Daftari limechorwa upya kwa mkono: safu ya kwanza ni umri wa mtoto kwa siku. Na swali "anasumbua?" limeondolewa, mhudumu anauliza amenyonya mara ngapi tangu jana jioni na nani alimwamsha.

Simu kutoka kituoni hupigwa zamu fulani za wauguzi na husahaulika zamu nyingine. Mfuko wa nauli wa kijiji, ulioanzishwa kwa ajili ya siku ambazo gari la dharura haliwezi kupita, hujaa msimu wa korosho na kukauka kuanzia Februari, yaani katikati ya mvua, wakati unapohitajika zaidi. Kamati imejaribu kukusanya mara moja tu, wakati wa mauzo ya korosho, badala ya kila mwezi. Mizani ya gramu 10 bado haijapatikana.

Daftari la kijiji

Mwezi ule daftari la kijiji liliandika kizazi hai kimoja katika nyumba hiyo. Kurwa alizikwa kimya, bila matanga, kama wanavyozikwa watoto wengi wa siku chache, na hakuna aliyeona haja ya kumwandika. Baada ya kikao mtendaji aliufungua ukurasa ule na kuurekebisha: vizazi hai viwili, kifo kimoja, umri siku nne. Mhudumu alinakili mstari huo kwenye daftari lake, akajaza uzito wa kuzaliwa, na kwenye safu ya sababu akaandika baridi, kukosa maziwa, na maambukizi, kwa mpangilio huo.